Na Mshindi Je?

Sote tuliikariri shuleni: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwalimu wa michezo aliirudia kila tulipofungwa, tukiwa tumekaa nyasini, wengine wanalia. Ni methali nzuri. Ila nikiitazama vizuri naona inamsemesha aliyeshindwa peke yake. Yeye ndiye anayeambiwa apeane mkono, anyamaze, aende nyumbani. Aliyeshinda haambiwi kitu.

Kabla sijaacha masomo nilikuwa kipa wa timu ya chuo. Mechi moja tulikuwa tunaongoza 1-0, dakika chache zimebaki. Straika wao akaachilia shuti, likagonga mwamba, mpira ukadunda nyuma ya mstari. Nyuma kabisa, chokaa ikionekana yote. Niliuvuta haraka nikaukumbatia. Mshika kibendera alikuwa ameachwa mbali, na refa alikuwa amezibwa na wachezaji. Akaashiria mchezo uendelee.

Straika yule hakumkimbilia refa. Alinijia mimi.

"Kipa, si umeona imeingia?"

"Muulize refa," nikamjibu.

Tulishinda. Kwenye basi kocha alinipiga bega mbele ya wote, akasema huo ndio ukomavu. Wasee wakaimba jina langu mpaka tukafika. Nilifurahi, sitadanganya. Lakini lile neno, ukomavu, halijawahi kunitoka.

Watu husema michezo hujenga tabia. Nakubali, na shida iko hapo hapo, kwa sababu hawasemi ni tabia gani. Sisi tulifanya mazoezi ya kona na penalti. Tulifundishwa pia kujiangusha ndani ya kijisanduku, na kulala chini tukishika goti lisilouma wakati tunaongoza. Hayo nayo yalikuwa mazoezi. Mwili hujua kile unachokirudia, na moyo ni vivyo hivyo. Siku ile sikuwaza lolote. Jibu lilitoka lenyewe, kama mkono unavyoruka kuzuia shuti.

Baadaye nilijitetea kwamba refa yupo kwa kazi hiyo. Halafu nikakumbuka utotoni mtaani, tukicheza kati ya mawe mawili bila refa yeyote. Kelele zilikuwa nyingi, ndiyo, lakini aliyeshika mpira kwa kawaida alisema mwenyewe, "Nimeshika." Mwongo akijulikana, kesho hakuna anayemchagua. Tulipopata refa tulimwachia filimbi, tukamwachia na dhamiri. Lakini refa huamua kwa alichokiona yeye. Nilichokiona mimi kilikuwa changu kukisema.

Desemba 2012, kule Burlada, Uhispania, Abel Mutai alikuwa akiongoza mbio za nyika. Mwaka huo huo alikuwa ameshinda shaba ya Olimpiki London katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Alidhani amemaliza, akasimama mita chache kabla ya utepe. Nyuma yake alikuwa Mhispania Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita tu, na hakuna sheria ambayo ingemzuia. Badala yake alibaki nyuma ya Mutai, akamwelekeza kwa ishara hadi mstarini. Alieleza baadaye kwamba Mutai ndiye aliyestahili, kwa kuwa pengo lile asingeweza kulifuta. Kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1995, alisema wazi kwamba yeye angeitumia nafasi ile.

Sasa utasema, Fernández alikimbia peke yake. Alichoachilia kilikuwa chake. Mimi nilikuwa na wenzangu 10 waliokuwa wamekimbia hadi miguu ikakataa. Nilikuwa na haki gani ya kugawa jasho lao? Hoja hii ndiyo ilinisumbua zaidi, na bado naiheshimu. Nikisema ukweli, nani atanidakia kwenye basi?

Lakini jasho lao lilikuwa limeshalipwa kwa lile goli letu moja. Lile goli nililolificha lilikuwa jasho la watu wengine 11, nami nikawagawia wenzangu bila kuwaambia limetoka wapi. Huwezi kuwa mwaminifu kwa timu yako kwa mali ya jirani. Wenzangu hawakuniomba niibe. Waliniomba nidake.

Kwa hivyo kocha wa chuo akiniuliza leo nianzie wapi, sitamwambia awafundishe vijana kupeana mikono baada ya kufungwa. Hiyo wanaijua. Awakalishe siku wameshinda, awaulize swali moja: leo umefanya nini ambacho refa hakukiona? Ajibu yeye kwanza.

Yule straika simjui jina, na sijawahi kukutana naye tena. Aliniuliza swali dogo, na jibu lake nilikuwa nalo pale pale, mikononi.

Iliingia, bro. Nilikuwa nimeona.