Amana ya Kiumbe Aliyejeruhiwa



Kurani Tukufu, katika Sura Al-An'aam, yatufundisha kwamba wanyama watembeao juu ya ardhi na ndege warukao angani ni jamii mbalimbali zilizo mfano wetu sisi wanadamu. Fundisho hili si dogo. Maana yake ni kwamba kila jamii ya viumbe ina njia yake ya kuishi, ina riziki yake na makao yake, wala haikuumbwa ili iwe mchezo wa mwanadamu. Wengi wetu twayasoma maneno hayo na kupita. Mimi nami nilikuwa nayasoma na kupita, mpaka nilipofundishwa maana yake huko Zombo, katika wilaya ya Kilosa, na mnyama asiyezidi kiganja cha mkono.

Nilikuwa nimekwenda kumzuru ndugu mmoja, mkulima wa mahindi na ufuta, ambaye alikuwa ameingia katika Uislamu miezi michache kabla ya hapo. Baada ya sala ya Alasiri, binti yake wa miaka kumi hivi aliniamkia, kisha akaniletea kizimba cha mianzi. Ndani yake mlikuwa na kindi. Watu walipokuwa wakisafisha shamba waliangusha mti wenye pango, na kindi huyo akavunjika mguu wa nyuma. Mama wa mtoto aliufunga mguu ule kwa kijiti na kitambaa, akamlisha kwa mkono wake. Wiki kumi zilikuwa zimepita. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini mguu ulibaki umepinda kidogo.

Yule ndugu akasema, "Mwalimu, mimi naona tumfungulie leo, tupate thawabu. Mama yake mtoto asema tukimfungulia tumemwua. Tafadhali utuamulie."

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba nilijibu kwa haraka. Nilisema kwamba uhuru ni bora kuliko kifungo, nikawakumbusha habari ya mwanamke aliyemfungia paka, nikasema afunguliwe mara moja. Nilikuwa nimesoma dini miaka mingi katika chuo cha ng'ambo, na hadithi hiyo niliijua kwa moyo. Lakini yule mama, ambaye alikuwa bado anajifunza herufi za Kiarabu, akaniuliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Ulipotusomea habari hiyo, je, hukusema kwamba mwanamke yule hakumpa paka chakula kwanza?"

Nikanyamaza, kwani alisema kweli.

Katika Bukhari na Muslim imesimuliwa kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alieleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tazama basi, msomaji, kwamba hapa pametajwa milango miwili. Wa kwanza ni kumlisha kiumbe. Wa pili ni kumwacha ajilishe mwenyewe. Mwanamke yule aliadhibiwa kwa kuifunga yote miwili. Basi mtu amfungulie mnyama asiyeweza kupanda mti wala kujitafutia chakula, je, amemfungulia mlango gani? Mlango wa kizimba ameufungua, lakini mlango wa riziki ameuacha umefungwa. Kamba ya paka yule ilionekana kwa macho. Kamba ya huyu haionekani, lakini ipo.

Mtu aweza kuuliza: Je, ndiyo kusema tumweke daima? La hasha. Abu Daud amepokea kwamba Masahaba fulani, wakiwa safarini, walichukua makinda ya ndege, na mama yao akaja akihangaika kwa mabawa yake. Mtume s.a.w. alipomwona aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyo kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakuuliza kama waliwachukua kwa kuwapenda au la. Kumpenda kiumbe hakutupi haki ya kummiliki. Tena, kwa upande mwingine, twajua kwamba mtoto Abu Umair alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na ndege alipokufa Mtume s.a.w. alimliwaza mtoto kwa upole, wala hakumgombeza kwa kumfuga. Basi si kila kufuga ni dhambi, wala si kila kuacha huru ni thawabu. Yatupasa tutazame hali ya kiumbe chenyewe, wala si hisia zetu. Baba alitazama thawabu yake, mtoto alitazama furaha yake, nami nilitazama jibu langu zuri. Kindi hakutazamwa na mtu isipokuwa yule mama.

Tukaketi chini ya mwembe tukaanza upya, safari hii tukimtazama kindi mwenyewe.

Kwanza, mwili wake. Je, aweza kupanda, kuruka na kushika tawi? Mnyama mwenye mguu uliopinda aweza kuishi msituni ikiwa ana wepesi wa kutosha, bali asiyeona au mwenye meno mabovu hawezi. Meno ya mbele ya kindi hayakomi kukua maisha yake yote. Asipoguguna vitu vigumu hurefuka mpaka ashindwe kula. Huyu wetu alikuwa amelishwa ugali na ndizi kwa wiki kumi!

Pili, riziki yake. Je, ajua kupasua mbegu, kutafuta matunda, machipukizi na wadudu, au amezoea kungojea sahani?

Tatu, hofu yake. Mwenyezi Mungu amempa kindi hofu iwe ngao yake mbele ya mwewe, nyoka, paka na mbwa, na mbele ya mwanadamu pia. Binti yule alikuwa amemzoeza kupanda begani mwake. Kwa kumpenda alikuwa anamvua ngao aliyopewa na Muumba wake, bila kujua.

Nne, mahali na wakati. Yafaa aachiwe karibu na pale alipookotwa, penye miti yenye mapango, majira ambayo chakula ni kingi, na iwe asubuhi, maana mnyama huyu hutafuta riziki yake mchana.

Tano, na hili lilipasa kutangulia yote, ni sheria ya nchi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na hairuhusiwi kumfuga bila kibali. Wakazi wa Kilosa ni majirani wa Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, nao wayajua hayo kuliko mimi. Mwislamu hafichi amana ya watu chini ya uvungu hata kama ameitunza vizuri. Basi ndugu yetu akakubali kumpelekea habari afisa wa wanyamapori.

Historia ya nchi yetu yatoa ushahidi wa mambo haya. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliletwa kutoka Ulaya, ambako walikuwa wamefungiwa katika bustani za wanyama na mahali kama hapo, wakaachiwa katika kisiwa cha Rubondo katika Ziwa Victoria. Walijifunza kujilisha, wakazaana, na wazao wao wangali wanaishi msituni. Lakini siku za mwanzo baadhi yao, kwa kuwa walizoea watu mno, waliwashambulia watu, ikabidi wauawe. Tena yako masimulizi ya vyura wadogo wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Maji ya maporomoko yalipopunguzwa kwa ajili ya bwawa la umeme, vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000 ili kizazi chao kisipotee. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba huko porini wametoweka kabisa. Walirejeshwa Tanzania mwaka 2010, lakini hawakumwagwa bondeni siku hiyo. Waliachiwa Kihansi mwaka 2012, pahali palipotengenezewa manyunyu ya maji kwa mabomba. Makao yalitayarishwa kwanza, ndipo wenyewe wakarudishwa.

Basi tukapatana kwamba kindi hafunguliwi siku ile. Kizimba kikubwa zaidi kitengenezwe pembeni mwa msitu, kitiwe matawi na mbegu ngumu, na binti asimshike tena. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, na mtoto alilia.

Nilipokuwa naondoka, yule ndugu alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia huku akitabasamu, "Mwalimu, hata mimi ulinifungulia mlango, nikatoa shahada, kisha ukaondoka miezi mitatu. Sala nilifundishwa na mtoto wa jirani." Aliyasema bila uchungu, lakini yalinichoma, wala sikuwa na jibu.

Enyi ndugu mlioingia katika dini karibuni, nanyi mnaoendelea kuitafuta kweli, msikieni mwalimu anayekiri kosa lake. Yuko mwalimu ampokeaye mtu, akamwacha kabla hajaweza kusimama katika sala, na kabla hajaweza kusoma wala kumjibu jamaa yake amwulizaye. Yuko na mwingine apendaye kuhitajiwa, akamlisha mwanafunzi kwa mkono miaka yote, asimwache aguguna neno gumu kwa meno yake mwenyewe. Wote wawili wameidhulumu amana. Basi mdaini mwalimu wenu haki zote mbili: awalishe, kisha awaacheni mpande.

Nilirudi Zombo baada ya miezi miwili, na safari hii nilikaa juma zima. Afisa alikuwa amekuja, akamtazama kindi, akaridhia. Kizimba kilikuwa wazi. Siku za kwanza kindi alirudi jioni kula mbegu alizowekewa, kisha akarudi mara mojamoja, kisha hakuonekana tena. Binti akaniuliza, "Mwalimu, yu hai?"

Nilimwambia sijui. Nikamweleza lile tufundishwalo katika Sura Hud, kwamba riziki ya kila kiumbe iko juu ya Mwenyezi Mungu, naye ayajua makao yake. Sisi tuliulizwa juu ya siku zile alizokuwa mikononi mwetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma iliyo na elimu, na elimu iliyo na huruma, wala asituhesabu miongoni mwa wanaofunga milango yote miwili. Amin.