Upande wa Bonde Wenye Majani

Mwaka wa 18 Hijria, takriban 639 Miladia, Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham alipofika mahali paitwapo Sargh na kupokewa na makamanda wake kwa habari nzito: tauni imeingia. Akawaita Muhajirina awatake shauri, wakatofautiana. Akawaita Ansari, nao wakatofautiana. Wazee wa Kikureishi ndio waliosema kwa kauli moja kwamba arudi, naye akatangaza safari ya kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah, kamanda wa jeshi la Sham, hakuridhika. Akamuuliza Khalifa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu.

Umar alimjibu kwa mfano wa mchungaji. Mwenye ngamia akishuka kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote atakapochunga atakuwa amechunga kwa kadari ya Mungu.

Jibu hilo limenukuliwa mara nyingi kumaliza ubishi kati ya imani na kinga. Jambo moja husahauliwa: Umar alikata shauri akiwa na habari za njiani tu. Hadithi ya Mtume kuhusu tauni, aliyoileta Abdurrahman bin Auf, ilimfikia baada ya uamuzi. Aliamua ndani ya shaka, na hapo ndipo walipo leo wote wanaosoma mvua, joto na majani ili kujua ugonjwa utatokea wapi.

Homa ya Bonde la Ufa ni mfano wa karibu. Iligunduliwa Kenya, pande za Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hushambulia kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, ikiwatupisha mimba na kuua ndama na wana-kondoo. Binadamu huipata kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kushika damu au nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Mbu wa jenasi ya Aedes hutaga kwenye udongo wa vibonde, na mayai yenye virusi huweza kulala humo miaka mingi, hadi mvua kubwa ifurike na kuyaamsha.

Mwaka 1999 Kenneth Linthicum na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, likisomwa pamoja na ukijani wa nyika kama setilaiti inavyouona, lingeweza kutabiri mlipuko wa Kenya hadi miezi 5 kabla. Katika mfano wa Umar majani yalikuwa upande wa heri. Kwenye ramani za wanasayansi hawa majani yale yale ni dalili ya hatari, na mfugaji anayeyafurahia baada ya ukame hana kosa lolote.

Mwishoni mwa 2006 ardhi ya kaskazini mashariki mwa Kenya ilikunywa mvua ikashiba. Tahadhari zilitolewa, na Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilionya. Utabiri uliwatangulia wagonjwa kwa wiki 2 hadi 6. Desemba maabara ilithibitisha ugonjwa huko Garissa. Chanjo ya mifugo ilianza Januari, watu wakiwa tayari wanazikwa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu Kenya wagonjwa 684 na vifo 155. Tanzania, ugonjwa ulikovuka baadaye, wagonjwa 264 na vifo 109.

Je, aliyejua akanyamaza ana hatia? Wengi watasema ana hatia, na ni kweli. Lakini swali gumu zaidi linamhusu aliyejua akasema. Onyo nalo huumiza. Minada hufungwa, uchinjaji hupigwa marufuku, na mwaka ule Idi ya kuchinja iliangukia mwishoni mwa Desemba, wakati mfugaji anapotegemea kuuza. Saudi Arabia ilipopatwa na ugonjwa huu mwaka 2000 ilizuia mifugo ya Pembe ya Afrika, na zuio hilo lilikaa miaka mingi. Utabiri ukikosea, aliyeko ofisini hupoteza heshima kidogo. Mfugaji hupoteza karo ya mwaka mzima.

Hapo Abu Ubaida anastahili kutazamwa tena. Umar aliweza kurudi Madina. Jeshi la Sham lilibaki Sham. Abu Ubaida alibaki na watu wake na tauni ile, iliyoitwa ya Amwas, ikamuua. Mwenye taarifa na mwenye kuishi bondeni mara chache huwa mtu mmoja, na haki hudai gharama ya tahadhari isimwangukie wa pili peke yake.

Tena si kweli kwamba wa bondeni hakuwa na taarifa. Utafiti uliofanywa baada ya mlipuko ulikuta kwamba wafugaji wa Kisomali walikuwa wameunganisha mvua isiyo ya kawaida, mawingu ya mbu na mifugo kutupa mimba, na katika sehemu nyingi walitambua hatari kwa uhakika kuliko mifumo rasmi. Ugonjwa wenyewe wanauita sandik, kwa ile damu ya puani. Ujuzi huo haukuwa na pa kuandikwa.

Kenya ilianza kutumia mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo inautumia. Ni kazi kubwa na njema: zahanati huhesabu waliougua na wilaya ikaona. Ila hesabu ya wagonjwa huja baada ya ugonjwa. Kuingiza mvua na ukijani ndani ya mifumo hiyo ni kuipa macho ya kutazama mbele, na kila aliyepewa macho ataulizwa aliona nini.

Wizara za afya na za mifugo, zikiunganisha data ya hali ya hewa na mifumo yao, zifanye mambo mawili katika hatua hiyo hiyo. Kwanza, zimpe mfugaji nafasi ya kuingiza anachokiona, kwa simu na kwa lugha yake. Pili, zitenge mapema fedha za chanjo na za fidia kwa siku ambazo mnada utafungwa, hata mvua ikija kupita bila ugonjwa.