Wito na Hasira

Wako wadhanio kwamba aliyeitwa na Mungu hukingwa na matunda ya makosa yake. Masimulizi ya kale ya Ufipa, nyanda za juu zenye Matai na Sumbawanga, hayasemi hivyo. Ntatakwa wa Milansi alishuka kutoka mbinguni ili atawale. Alimwonya mkewe asiwape wageni kigoda cha enzi, kisha akaenda kuwinda. Wakaja wanawake watatu wa ukoo wa Twa. Mke akaogopa, akawapa. Mume aliporudi, enzi ilikwisha kuhama. Akabakiwa na Milansi na heshima ya kikuhani.

Huko ulitosha woga. Kwa Musa ilikuwa hasira. Katika Hesabu, sura ya 20, aliagizwa auambie mwamba. Yeye akawakemea watu, akaupiga mara mbili kwa fimbo. Maji yakatoka tele. Hapa ndipo penye uzito, na wasomaji wengi hupapita upesi. Laiti mwamba ungalibaki mkavu, Musa angalilitambua kosa lake papo hapo. Lakini watu walikunywa, na mifugo yao. Nani angemwambia kwamba amekosa? Wito uliwafaa wenye kiu, na hukumu ikamwangukia yeye na Haruni. Basi mwalimu apigaye kwa hasira, wanafunzi wake wakafaulu, hajapata bado ushahidi wa kumtetea.

Haruni alifia mlima Hori. Musa alifika mlima Nebo, akaonyeshwa nchi yote ng'ambo ya Yordani; nguvu alikuwa nazo, ruhusa hakuwa nayo.