Nguvu na Pa Kushika

Mwaka 1952, mji wa Likasi huko Katanga, Kongo, ukiwa bado unaitwa Jadotville, kampuni ya reli ya BCK ilianzisha treni za umeme kutoka hapo hadi Tenke. Kichwa cha treni cha umeme kina nguvu nyingi, lakini gurudumu lake la chuma hugusa reli kwa sehemu ndogo tu, isiyozidi ukubwa wa sarafu. Mvua za kwanza zikichanganyika na vumbi na mafuta, pale pa kugusana huteleza. Gurudumu linazunguka palepale, linasaga reli, na mzigo hausogei. Dereva akizidisha umeme anaharibu zaidi. Dawa yake ni kupunguza mwendo wa gurudumu, kisha kufungua sanduku la mchanga. Mchanga mkavu unapita kwenye bomba na kudondoka mbele ya gurudumu, na kwa konzi chache hizo mamia ya tani yanaanza kwenda.

Basi nguvu inakaa wapi: ndani ya mashine, au pale inapokutana na reli?

Katanga imelijua swali hili kwa sura nyingine, ya kiroho. Mwaka 1945, mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kilitoka kwa Kifaransa kitabu cha Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, juu ya falsafa ya Kibantu. Alidai kwamba kwa Mbantu kuwepo na nguvu ni kitu kimoja, na kwamba nguvu hiyo hukua au hupungua. Paulin Hountondji wa Benin alimkosoa kwa kuwavika mamilioni ya watu wazo moja, kana kwamba Waafrika hawabishani. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, wengi walilibeba neno nguvu wakaiacha nusu ya pili ya hoja: kwamba hakuna nguvu iliyo peke yake, kila moja huiongeza au huipunguza nyingine.

Nusu hiyo Tempels aliifanyia kazi katika miaka ya 1950 huko Musonoi, Kolwezi, miongoni mwa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière. Ndipo ilipozaliwa harakati ya Kikatoliki iitwayo Jamaa. Mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili: uzima, uzazi, mapendo. Kwa kawaida mume na mke waliingia pamoja, wakaitwa baba na mama. Mtu ambaye mchana kutwa kazi yake ilipimwa kwa tani, jioni aliambiwa kwamba uzima wake unakua anapopendana na mkewe na wenzake. Hilo lilikuwa jambo zito, na bado ni zito.

Leo makanisa ya Katanga yanajaa watu wanaoomba nguvu: nguvu ya kupona, ya kupata kazi, ya kushinda adui. Ombi hilo ni halali, maana maisha ya mji wa migodi ni magumu. Lakini wachungaji na mapadri wa Likasi wanaolihubiri neno nguvu wawaulize waumini wao pia: nyumbani, mtaani na kazini, mmeshikana na nani?