Kimya cha Kocha Rolovich

Jumamosi ya tarehe 16 Oktoba 2021, Nick Rolovich alikuwa kocha anayeshinda. Timu yake, Cougars ya chuo kikuu cha Washington State, ilikuwa imeifunga Stanford 34 kwa 31 nyumbani Pullman, mji mdogo uliozungukwa na vilima vya ngano kusini-mashariki mwa jimbo la Washington, Marekani. Ulikuwa ushindi wa tatu mfululizo. Kocha mwingine yeyote angeulizwa mbinu, majeruhi na mechi ijayo. Yeye aliulizwa kama Jumanne atakuwa bado na kazi.

Hakuwa nayo. Jumatatu ya tarehe 18 kibarua chake kiliota nyasi, na pamoja naye waliondoka makocha wasaidizi wanne. Benchi la ufundi likabaki nusu-nusu, katikati ya msimu, wakati timu inapanda. Sababu haikuwa mpira. Gavana wa jimbo alikuwa ameagiza watumishi wote wa vyuo vya umma wawe wamekamilisha chanjo ya Uviko-19 kufikia siku hiyo, na Rolovich hakuwa amechanja.

Msomaji wetu huenda akashangaa gavana anahusikaje na kocha wa mpira. Mchezo wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega yaliyovimba kwa vifaa vya kinga, na kule vyuo vikuu vinauendesha kama biashara kubwa. Washington State ni chuo cha umma, kwa hiyo kocha wake ni mtumishi wa umma kama alivyo karani au daktari wa hospitali ya serikali. Tofauti ni mshahara tu: Rolovich alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 3 kwa mwaka, na hakuna mtumishi wa jimbo lile aliyelipwa zaidi yake, gavana mwenyewe akiwemo. Mtu wa kiwango hicho akigoma kutii waraka, hagomi peke yake. Jimbo zima linamtazama.

Kisa hiki hakikuanza Oktoba. Kilianza tarehe 21 Julai, na kilianza kwa maneno machache sana. Siku hiyo Rolovich alitangaza kwamba ameamua kutochanjwa na kwamba sababu zake zitabaki kuwa siri yake. Ligi yao ilikuwa imepanga kuwakutanisha makocha na wanahabari mjini Los Angeles siku sita baadaye, na waliochanjwa tu ndio walioruhusiwa kufika. Makocha wenzake wakaketi ukumbini. Yeye akazungumza kwa njia ya video kutoka kwao, akarudia lile lile: sababu ni zangu.

Kwa mtu wa kawaida, hiyo ni haki yake. Afya ya mtu ni siri yake, na sioni kwa nini mwalimu au mhasibu aulizwe hadharani alichochomwa na ambacho hakuchomwa. Lakini Rolovich alikuwa amekwisha kuitoa siri hiyo nje nusu. Alisema alichoamua, akaficha kwa nini. Nusu iliyobaki aliwaachia watu waijaze wenyewe, nao wakaijaza. Kuna waliosema ni siasa. Kuna waliosema anaogopa madhara. Wengine walisema ni ukaidi wa mtu mwenye mkataba mnono, wengine wakamfanya shujaa wa uhuru bila yeye kusema neno hata moja la kumstahilisha heshima hiyo. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya hiki ulisikika kwa miezi mitatu. Msimu ulipoanza, kila mechi iliisha kwa swali moja, na wachezaji wenye umri wa miaka 19 na 20 walilazimika kujibu maswali juu ya mwili wa bosi wao.

Kwa upande wa pili, wale waliokuwa wakijaza hiyo nusu hawakuwa na usafi wowote. Wiki hiyo hiyo ya Julai lilitokea jambo jingine, Minnesota, katika ligi ya kulipwa ya NFL. Ligi hiyo ilikuwa imeweka utaratibu wa kipekee: wachezaji, kwa kuwa wana chama chenye nguvu, hawakulazimishwa kuchanja, ila makocha na wafanyakazi wanaokaa karibu na wachezaji walilazimika, isipokuwa wenye sababu za kweli za kiafya au za kidini. Asiyechanjwa hakufukuzwa moja kwa moja. Alipoteza ruhusa ya kuingia uwanjani na kwenye vikao pamoja na wachezaji. Kwa kocha hiyo ni sawa na kuambiwa njoo kazini lakini usifanye kazi.

Ijumaa ya tarehe 23 Julai zilitoka habari kwamba Rick Dennison, kocha wa safu ya mbele ya ushambuliaji ya Minnesota Vikings, ameondoka kwa sababu ya kukataa chanjo. Habari ikaruka nchi nzima. Kabla jua halijazama alikuwa ameshazikwa kikazi. Watu wanapanga nani amrithi, wengine wanampongeza, wengine wanamtukana. Klabu ikajitokeza kusema mazungumzo naye bado yanaendelea. Siku chache baadaye ikatangaza kwamba Dennison anabaki, kwa cheo kingine: mshauri mwandamizi wa ushambuliaji. Yaani mtu aliyesemwa ameondoka alikuwa bado anapokea mshahara kwenye klabu ile ile. Kumbadilishia kazi ndivyo utaratibu ulivyotaka: mwajiri na mwajiriwa wakae watafute nafasi isiyomweka mtu karibu na wenzake. Ila nani ana subira ya kusikiliza mazungumzo yasiyokwisha, wakati tetesi imeshaiva?

Nimeuleta mfano wa Dennison kwa sababu unaonyesha kitu ambacho wanaomtetea Rolovich na wanaomlaani wote hukisahau. Njia ya katikati ilikuwepo. Haikuwa chanja au ondoka tu. Lakini njia hiyo hutembewa mapema, mlango ukiwa wazi, wala haingojei wiki ya mwisho.

Turudi Pullman. Tarehe 9 Agosti gavana Jay Inslee alitoa amri ya chanjo kwa watumishi wa jimbo na wahudumu wa afya. Tarehe 18 Agosti akaiongeza ikawafikia walimu na wafanyakazi wa vyuo vikuu. Siku ya mwisho ikawekwa: 18 Oktoba. Miezi miwili kamili. Nasi wa huku majira hayo tuliyaona ya kwetu kwa macho yetu. Tanzania ndiyo kwanza ilikuwa imezindua chanjo, tarehe 28 Julai, Rais Samia akichanjwa Ikulu Dar es Salaam kwa shehena iliyotoka Marekani hiyo hiyo. Na Kenya, mkuu wa utumishi wa umma Joseph Kinyua alikuwa amewaambia watumishi wa serikali wachanje kabla ya tarehe 23 Agosti la sivyo wachukuliwe hatua za nidhamu. Waliokuwa ofisini wakati ule wanakumbuka minong'ono ya korido: fulani kachanja kweli au kanunua cheti? Tabia ya watu mbele ya waraka wenye tarehe haitofautiani sana, iwe Nairobi au Pullman.

Amri ya Inslee ilipotoka, Rolovich alisema ataifuata. Hakufafanua vipi. Watu wakaelewa kila mmoja alivyotaka: kwamba atachanja, au kwamba ataomba ruhusa. Wiki zikapita. Jibu halikutoka kinywani mwake. Lilitoka kwa June Jones, kocha wake wa zamani, aliyeliambia gazeti la USA Today kwamba Rolovich anaomba kusamehewa chanjo kwa misingi ya dini. Tarehe 9 Oktoba, baada ya mechi na Oregon State, kocha akakiri: ndiyo, nimeomba. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Hapa ndipo kimya kilipomgeukia. Imani ya mtu siwezi kuipima, na sitaki. Rolovich ni Mkatoliki, na ingawa Papa Francis alikuwa ametoka kuhimiza waumini wachanje kama tendo la upendo, dhamiri ya Mkatoliki mmoja mmoja haiamuliwi na ujumbe wa video kutoka Vatican. Lakini jiulize mwajiri wake alikuwa na nini mkononi. Alikuwa na mtu aliyekataa mwezi Julai kwa sababu za siri, Agosti akasema ataifuata amri bila kufafanua, na mwezi Oktoba akataja dini hadharani. Hata kama dini ilikuwapo tangu mwanzo, hadharani hakuna aliyeisikia.

Chuo kilikuwa na utaratibu wake wa kupima maombi, na naona haukuwa mbaya. Hatua ya kwanza, kamati ilisoma ombi likiwa limefutwa jina, ili isijue kama ni la kocha wa mamilioni au la mfagiaji. Hatua ya pili, idara anakofanya kazi mwombaji ilieleza kama kazi yake inaweza kuendelea kwa usalama bila chanjo. Kwenye hatua ya pili ndipo kocha hukwama. Mhasibu unaweza kumwambia afanyie kazi nyumbani. Kocha wa mpira hukaa na vijana zaidi ya mia moja kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, kwenye basi, kwenye ndege, kwenye vyumba vya video, uso kwa uso. Tena chuo hicho hakikuhitaji kuelezwa hatari hiyo kwa nadharia. Mwaka uliotangulia, Novemba 2020, mechi yao na watani wa jadi, chuo kikuu cha Washington cha mjini Seattle, ilifutwa kwa sababu Cougars walikuwa wamepungukiwa wachezaji kutokana na maambukizi kambini mwao. Kocha wa kambi hiyo alikuwa Rolovich.

Alifukuzwa kwa kosa la kutotimiza masharti ya ajira. Tofauti kati ya kufukuzwa kwa kosa na kuachishwa tu, kwa kocha wa Marekani, ni fedha nyingi: akiachishwa bila kosa hulipwa sehemu kubwa ya mkataba uliobaki, akifukuzwa kwa kosa huondoka mikono mitupu. Wasaidizi wanne walioondoka naye hawakuwa na akiba ya mamilioni kama yake, na hao ndio ambao tetesi hazikuwajali. Nani aliwauliza sababu zao? Habari nzima ilikuwa ya bosi.

Akaenda mahakamani Novemba 2022, kama wiki mbili baada ya gavana kuondoa amri ile ile iliyomng'oa. Baadhi ya mashabiki waliona hiyo ni hoja tosha: kama amri imefutwa, basi ilikuwa batili. Sheria haiendi hivyo. Mahakama hupima kilichojulikana siku uamuzi ulipofanywa, na siku ile hospitali za jimbo zilikuwa bado na wagonjwa wa wimbi la Delta.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mfanyakazi wa posta aliyekataa kufanya kazi Jumapili, ilipandisha kiwango: mwajiri anayekataa ombi la kidini sharti athibitishe kwamba kulikubali kungemletea mzigo mkubwa, si usumbufu mdogo. Uamuzi huo ulipaswa kumsaidia Rolovich. Haukumtosha. Januari 2025 jaji wa shirikisho Thomas Rice aliamua kwa upande wa chuo bila kesi kufika mbele ya wazee wa baraza. Aliukubali mzigo ambao chuo kilieleza, pamoja na gharama za safari na wafadhili waliokasirika. Na aliona kwamba katika rundo la jumbe na barua pepe za kocha za miezi ile, pingamizi la dini halikuonekana. Yalionekana mashaka ya kidunia juu ya chanjo yenyewe.

Sehemu hiyo ya hukumu ndiyo ningetaka kila mfanyakazi aisome. Kimya chake hadharani hakikuwa kimya kwenye simu. Aliyodhani hayamhusu mtu yeyote yaliandikwa, yakahifadhiwa, yakasomwa na mwanasheria wa mwajiri. Laiti siku ile ya Julai angepeleka barua ya kurasa mbili kwa ofisi ya rasilimali watu, akasema imani yangu hainiruhusu kwa sababu hii na hii, na napendekeza tufanye kazi namna hii na hii. Pengine bado angekataliwa. Lakini angekataliwa akiwa na ushahidi wa miezi mitatu wa mtu anayeongea lugha moja, na chuo kingelazimika kujibu hoja badala ya kujibu kimya.

Timu haikufa, kama walivyobashiri wengi. Jake Dickert, aliyekuwa kocha wa ulinzi, alikabidhiwa kikosi kwa muda. Mechi yake ya kwanza alifungwa na BYU 21 kwa 19. Tarehe 26 Novemba aliwapeleka vijana wale wale Seattle wakawafunga watani wao 40 kwa 13, ushindi wa kwanza dhidi yao tangu 2012, na siku hizo hizo akapewa kazi moja kwa moja.

Kwako wewe uliye na waraka mezani wenye tarehe ya mwisho, uwe wa chanjo, wa vyeti au wa uhamisho: kama una sababu ya kutoutii, iandike leo, ipeleke kwa anayepaswa kuisoma, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.