Leza na Mzizi wa Kulea

Leza ni jina la Mungu kwa Wafipa wa nyanda za juu za Sumbawanga, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Si jina lao peke yao. Wamambwe wa mpakani na Zambia wanalo, Wabemba wa Zambia husema Lesa, Waila na Watonga husema Leza, na limeenea hadi kwa Waluba wa Kongo. Je, asili ya jina hilo yaweza kuonyesha wahenga walimfikiria Mungu kwa namna gani?

Wapo wanaolihusisha na mzizi wa Kibantu cha mwanzo *-ded-, “kulea mtoto”. Nyota iliyo mbele ni alama ya wanaisimu: umbo hilo halikupata kuandikwa popote, limekisiwa kwa kulinganisha lugha zilizo hai. Kazi ya namna hiyo iliwekewa msingi na Carl Meinhof mwaka 1899, kisha ikapanuliwa na Malcolm Guthrie, aliyekipa Kifipa alama ya M13 katika orodha yake ya lugha za Kibantu. Kibemba husema lela, Kinyarwanda rera, Kiganda lera. Kiswahili kiliidondosha l ya kati kikabaki na lea, lakini athari yake haikufutika, kwani hujitokeza kama z: kama nunua inavyozaa mnunuzi, ndivyo lea inavyozaa mlezi. Dai hilo likikubaliwa, Leza na mlezi ni ndugu wa tumbo moja.

Inavutia, pengine kupita kiasi. Edwin Smith na Andrew Dale, walioandika juu ya Waila mwaka 1920, walieleza kuwa kwao Leza husemwa pia kwa mvua na radi, na radi hailei mtu (ingawa kuhusu mvua mkulima wa Ufipa angebisha). Tena, kufanana kwa sauti si ushahidi. Anayeamini sikio tu angeweza kudai kwamba Leza ametoka kwenye ulezi, nafaka inayopikiwa pombe. Wanaisimu wa lugha za Kihindi-Kiulaya waliujua mtego huu mapema: deus ya Kilatini na theos ya Kigiriki, zote zikimaanisha mungu, hazina undugu, ilhali deus na Zeus zimetoka kwenye mzizi mmoja, *dyeu-, wenye maana ya anga na mwanga wa mchana.

Hata hivyo, Wagiriki waliomwomba Zeus hawakuwa wakiliabudu anga tupu. Neno husafiri na sauti zake. Imani hubadilika njiani.

Kizuizi kikubwa zaidi ni ramani. Kitenzi cha kulea kimetapakaa karibu kote walikoenea Wabantu, lakini Leza amebaki katika ukanda wa katikati tu. Mashariki yake yuko Mulungu, aliyewapa Waswahili neno Mungu, magharibi Nzambi, Rwanda na Burundi Imana. Kwa hiyo, hata kama Leza amezaliwa na *-ded-, kuna uwezekano mkubwa kwamba alizaliwa baadaye, wakati lugha zilipokwisha kutengana. Wabantu wa mwanzo walikuwa na neno la kulea watoto. Kwamba Mungu wao walimwita mlezi, mzizi huo hausemi.