Hakusema uongo, alinyamaza tu

Mwaka 2023 nilitaka kununua gari. Nisifiche, kwa kuwa makala yenyewe inahusu kuficha: sikuwa na haja ya gari lile. Nilikuwa na Carina iliyonifikisha kazini miaka kumi na moja. Lakini mtu akishavuka hamsini, watoto wakaanza kujitegemea, nafsi humnong'oneza mambo. Yangu ilinong'ona Mark X. Wanaoijua wanajua: ya milango minne, inakaa chini, injini ya silinda sita yenye lita mbili na nusu, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Toyota walianza kuitoa mwishoni mwa mwaka 2004 na wakaacha mwishoni mwa 2019, na vijana wa Dar es Salaam hadi leo wakiisikia inapita hugeuza shingo. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Baba Salma, na foleni hizi unakimbilia wapi?" Sikuwa na jibu.

Nikaiuza Carina, nikaongeza akiba yangu, nikaanza kuzunguka yadi.

Yadi ya kwanza nilivutwa na tangazo kwenye simu, milioni 14. Nilipofika nikaambiwa, "Ile imetoka jana jioni bosi, ila ipo nyingine." Hiyo nyingine ilikuwa milioni 19. Wiki iliyofuata tangazo lilikuwa bado lipo, na picha zile zile. Yadi ya pili, nikiwa bado nalizunguka gari, bwana mmoja aliyekaa kivulini akainuka, akauliza bei kwa sauti, akasema anarudi na pesa saa nane. Nikababaika, nikataka kutoa malipo ya awali nisije nikapitwa. Nilikwisha toka kwenda benki nilipokumbuka kuwa nimesahau miwani. Niliporudi nikamkuta bwana yule anakula sahani moja na wauzaji. Wanazuoni wana jina la mchezo huo, najash: kupandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua ili mwenzako anase, na Mtume (saw) ameukataza waziwazi. Yadi hizo mbili hazina mjadala. Uongo ni uongo, na anayeusema anajua anasema nini.

Iliyonisumbua ni yadi ya tatu.

Huko nilipokewa na kijana mpole. Alinipa kiti na maji ya baridi, akaiona kofia yangu akaniita ustadhi. Mark X yenyewe ilikuwa rangi ya fedha, ya mwaka 2006, milioni 16 na nusu, na geji inasoma kilomita 68,000. Nikakaa kwenye kiti cha dereva. Ngozi ya usukani imechubuka mpaka inang'aa. Mpira wa pedeli ya breki umelika upande mmoja. Kiti chenyewe kimebonyea ubavuni, pale mtu anapoingilia na kutokea. Ndugu msomaji, piga hesabu: gari la miaka kumi na saba, kilomita 68,000, maana yake ni kilomita elfu nne kwa mwaka. Elfu nne kwa mwaka haziwezi kumaliza mpira wa breki namna ile. Fundi wangu akafungua boneti, akanionesha bolti zinazoshika bodi ya mbele, zina alama za spana. Kuna siku zilifunguliwa.

"Kilomita hizi ni za kweli?" nikamuuliza kijana.

"Ustadhi, geji ndiyo inayosema. Mimi nasoma kama unavyosoma wewe."

"Iliwahi kugongwa?"

"Mimi imenikuta hivi hivi."

Nikauliza karatasi ya mnada. Magari haya mengi hununuliwa minadani huko Japani, na kila gari hukaguliwa likaandikiwa karatasi yake. Lililogongwa likatengenezwa huandikiwa herufi R, na kilomita zilizosomwa siku ile huandikwa humo humo. "Ilibaki kwa wakala," akasema.

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Jaribu mwenyewe, ustadhi. Fundi unaye, macho unayo."

Nikalijaribu. Lilikwenda vizuri, nisiseme uongo, na moyo wangu ukawa umekwisha nunua. Niliposhuka, kijana mdogo anayeosha magari pale akapita na ndoo, akainama kama anakamua tambara, akaninong'oneza: "Mzee, hiyo ilikuja imebebwa." Akaendelea na kazi yake. Yule hakuwa na shilingi katika biashara ile, wala hakuna aliyemuuliza.

Nilirudi nyumbani kwa daladala nikiyapitia maneno ya muuzaji moja moja. Ajabu ni kwamba sikupata hata sentensi moja ya uongo. Geji kweli ndiyo inayosema. Gari kweli limemkuta hivyo. Fundi kweli ninaye. Je, mtu ambaye kila neno lake ni kweli anaweza kuwa mdanganyifu?

Sheria zetu za nchi, ambazo asili yake ni kwa Waingereza, zina jibu la tahadhari. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwa maana kwamba ukimya mtupu juu ya jambo linaloweza kumfanya mtu aghairi hauhesabiwi kuwa udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu aseme, au ukimya wenyewe unapokuwa sawa na kauli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa, lakini mnunuzi akishaikagua, kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionesha zinakuwa zake. Huenda kijana yule hajawahi kuifungua sheria hiyo, lakini "fundi unaye, macho unayo" ndiyo tafsiri yake ya mitaani.

Sasa tazama Uislamu ulivyoliendea jambo hili. Katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (ra), iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (saw) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akatamka kuwa anayeghushi si katika wao. Tumeisikia mara nyingi kwenye khutba mpaka hatuisikii tena. Mtu yule hakuwa amesema uongo wowote. Hakuwa amesema kitu kabisa! Rundo ndilo lililosema, kama geji ilivyosema. Na mvua hakuileta yeye.

Tena ipo hadithi ya mnyama aliyeachwa siku kadhaa bila kukamuliwa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua kwa kuhadaika hivyo amepewa hiari, ambayo katika baadhi ya mapokezi ni ya siku tatu, abaki naye au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Nani atakataa kwamba kiwele kilichofungwa na geji iliyorudishwa ni ndugu? Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (ra), muuzaji na mnunuzi wana hiari mpaka waachane, wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa, wakificha na wakadanganya baraka hufutwa. Yametajwa mambo mawili, kusema kweli na kubainisha. Kama la kwanza lingetosha, la pili lingetajwa kwa nini?

Nimtendee haki kijana, kwa sababu ana hoja. Anaweza kusema, "Mbona na wewe hukuniambia mfukoni una ngapi?" Ni kweli sikumwambia. Lakini mfuko wangu si bidhaa. Nikimlipa milioni 16, noti zangu hazina kasoro ya ndani itakayomtokea Chalinze usiku. Anaweza kusema pia kwamba akibainisha kila kitu, mteja atavuka barabara kwenda kwa jirani asiyebainisha. Hoja hii ni nzito zaidi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika. Huko gari bovu huliita limau. Alieleza kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu hutoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zima anaona bei hiyo inamwonea, analiondoa sokoni, yanabaki mabovu, na bei inazidi kushuka. Ni mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Kwa hiyo kijana hadanganyi anaposema ukimya wa jirani unamwumiza mkweli. Ila hajasema kwamba yeye naye ni jirani wa mtu.

Iliyobaki ni ile hoja yake kubwa, "imenikuta hivi hivi", yaani sijui. Hapa ndipo nilipokaa sana. Kuna kutojua kwa mtu aliyetafuta asipate, na huyo hana lawama. Na kuna kutojua kwa mtu aliyejizuia asitafute, kwa kuwa anakisia atakachokikuta. Kijana angepiga simu moja kwa wakala angeipata karatasi. Hakupiga. Alikuwa anautunza ujinga wake kama mtu anavyotunza mtaji, kwa sababu siku akijua, "sijui" haitakuwa kweli tena, na yeye ni mtu asiyesema uongo.

Haya yote niliyapanga vizuri kichwani nikiwa daladalani, hata nikafikiria ya kumwambia nikirudi. Tulipofika Magomeni lile neno "jaribu mwenyewe" likanirudia, na sauti haikuwa ya kijana. Ilikuwa yangu.

Carina yangu ilikuwa na ugonjwa. Gia boksi ikipata moto, kama nusu saa ya foleni hivi, gia zinateleza, injini inapiga kelele na gari haliendi. Fundi wangu, huyu huyu aliyenionesha alama za spana, alinipa ushauri: "Mzee, mnunuzi mwite asubuhi, kabla haijapata moto." Nilimwita baada ya swala ya Alfajiri. Alikuja kijana wa Mbagala aliyetaka gari la kusambazia mikate madukani. Tulizunguka mtaa dakika kumi. Akauliza, "Gia iko sawa mzee?" Nikamjibu, "Jaribu mwenyewe, kijana wangu." Akanihesabia milioni nne. Wala sikusema uongo.

Inasimuliwa kuhusu Imam Abu Hanifa (ra), aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa, kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumwonesha mnunuzi, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Imam akaitoa sadaka fedha yote ya mauzo yale. Yeye hakuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Mimi namba ya mnunuzi wangu ilikuwa kwenye simu yangu.

Mark X sikuinunua. Siku nne nilijiambia kwamba huenda Carina haijamsumbua, na kwamba kumpigia ni kumtia wasiwasi bure. Yaani nami nilikuwa natunza kutojua kwangu. Siku ya tano nikapiga.

"Mzee, gia boksi ilikufa mwezi ule ule," akasema, na hakuwa na hasira. "Nimefunga ya mtumba, laki tisa pamoja na ufundi. Lakini usijali. Niliwaambia nyumbani, mzee yule ni mtu wa msikitini, angejua angeniambia."

"Nilijua," nikamwambia.

Akanyamaza. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa upande wake. Kisha akasema nimtumie kwa namba hiyo hiyo.